Aliyelakiwa na Mbwa

Asiyelakiwa na watu hulakiwa na mbwa. Nawasikia mnacheka. Mnadhani ni tusi la kumtupia mtu asiye na marafiki. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa na meno yote. Haya, sogeeni, ila msinikate kauli, leo nimechoka. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare waliishi mume na mke, Mbazi na Nakunda, na binti yao mdogo Namche. Walifuga mbwa wa kufukuza nyani shambani, jina lake Sikujua. Kwa nyani alikuwa hodari. Lakini mtu akikanyaga tu uani, mbwa huyo kifuani, miguu ya mbele mabegani. Wageni waliondoka na matope nguoni, Nakunda akabaki kuomba radhi.

Radhi hazikutosha siku alipomwangusha mama yake Nakunda, mjane mkongwe mwenye macho hafifu, ambaye Nakunda alikuwa akimtunza nyumbani kwake. Bibi wa watu akavunjika mkono. Kaka zake Nakunda, wajomba wa Namche, wakaja wakamchukua.

“Mbwa akishika adabu tutamrudisha,” walisema. “Asiposhika, hapa mama haji tena.”

Kumtoa mbwa nako kulikuwa kuwaachia nyani mahindi. Basi Nakunda akaenda kwa Mzee Kalage, mwindaji wa pimbi aliyezeeka na mbwa wake. Mzee akamwambia: “Akiruka, usimsukume, maana kwake kusukumwa ni mchezo. Mpe mgongo. Miguu yote ikitua chini ndipo umpe chakula na neno jema. Na nyumba nzima ifanye hivyo.”

Nakunda akafanya. Aliporudi na ndoo kichwani mbwa akaruka, yeye akageuka, maji yakammwagikia shingoni. Namche pia akajifunza kugeuka. Mbazi alipoambiwa, aliitikia tu, “Nimesikia.” Vuli ikaja ikapita. Leo mbwa ana adabu, kesho hana. Kila wajomba walipopita Nakunda aliwauliza habari za mama, wakamtazama mbwa, wakaendelea na safari. Ilifika mahali anaamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala.

Siku moja Mzee Kalage akaja kumwona mwanafunzi wake. Akarukiwa. Akajipangusa matope, akasema, “Mama Namche, mbwa huyu si mjinga. Unachomfunza anakishika. Ila kuna mtu mwingine anayemfunza kuruka. Mtafute.”

Jioni hiyo Nakunda akasimama nyuma ya ua wa minyaa, akangoja. Mbazi akatokea, anarudi kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ambako siku nzima alikuwa kwenye zamu ya kuzibua mfereji. Tope lilimfika magotini. Sikujua akamkimbilia, akamrukia kifuani. Mbazi akaweka jembe chini, akampokea kwa mikono miwili, akaegemeza shavu kichwani pake, akacheka. Nakunda hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mumewe akicheka.

“Kumbe ni wewe!” alisema. “Mama yangu amechukuliwa kwa sababu yako, Baba Namche!”

Mbazi akashtuka, lakini hakumwachia mbwa.

“Nikiingia pale uani,” alisema polepole, “wewe unaniuliza kuni ziko wapi. Mtoto anauliza nimeleta nini. Huyu haulizi kitu. Anafurahi tu kwamba nimekuja.”

“Na mimi je? Nikitoka sokoni na mzigo kichwani, ananilaki nani?”

Mbazi akamshusha mbwa, akaokota jembe. Wakasimama pale, wote wawili hoi, hata ugomvi wakakosa nguvu za kuuendeleza. Wakaingia ndani.

Kesho yake jioni Nakunda alimsikia mumewe anakuja. Bado alikuwa na hasira naye. Hata hivyo akaacha chungu mekoni, akatoka mpaka kwenye minyaa.

“Pole na kazi, Baba Namche. Lete jembe.”

Sikujua akaruka. Mbazi akamtazama mkewe, kisha akampa mbwa mgongo. Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Na siku ya soko, Nakunda alipopanda mlima na mzigo wake, alimkuta Mbazi amemngoja njiani amtue.

Mbwa, alipoona mlango umefungwa pande zote, akaacha kuruka. Wajomba walikuja, wakakanyaga uani, wakatazamana. Basi wakamrudisha bibi, mkono umeunga kombo kidogo. Sikujua akamnusa vidole, akaketi chini.

“Mbona katulia?” bibi akauliza. “Nasikia kuna mtu alikuwa anamfunza kuruka. Ni nani?”

Nakunda alikuwa na jina la mumewe ulimini. Akalimeza.

“Sote, mama. Kulakiana tulimwachia yeye.”

Bibi akapapasa mkono wake uliovunjika. Kisha akasema, “Ndivyo, mwanangu. Asiyelakiwa na watu hulakiwa na mbwa.”