Rangi ya Bi Arafa na Mbuzi wa Mzee Kupaza

Ukuta ni wa mwenyewe, rangi ni ya jirani.

Bibi yenu amewaambieni hivyo asubuhi hii, mlipokuja mmenuna kwa sababu nyumba ya mbele yetu imepakwa kijani na yetu bado ina rangi ya vumbi. Amesema, akarudi jikoni kwake, akawaachieni mimi. Ndivyo afanyavyo. Yeye hutupa mfupa, mimi nautafuta ulitoka kwa mnyama gani.

Methali hii ina mji wake na watu wake, na ilianza hivi. Asiyeamini akawaulize mbuzi.

Kule Kichangani, zamani kabla baba yenu hajaota meno, palikuwa na uchochoro mwembamba, upana wake punda mmoja aliyebeba mzigo. Upande huu alikaa Bi Siwema, upande ule Bi Arafa. Nyumba zilitazamana mlango kwa mlango. Bi Arafa akikaanga samaki, Bi Siwema alipiga chafya. Walikuwa mashoga tangu usichana. Waliazimana chumvi, kinu, hata vilemba vya waume zao.

Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa ya manjano, manjano ya boga lililoiva, naye aliamini mtaa mzima hauna ya kuizidi. Basi siku moja Bi Arafa akachukua chokaa, akatia kijiko kimoja tu cha rangi ya unga ya kijani, akakoroga, akapaka ukuta wake wa mbele kwa burashi ya katani. Ulipokauka, jamani! Mmewahi kuona jani la mgomba likiwa bado limejikunja, halijafunguka, jua halijaligusa? Rangi ile. Kijani kisichopiga kelele. Watu waliokuwa wakipita mbio wakaanza kupita taratibu. Mwuza kahawa aliyekuwa akikaa njia panda akahamishia birika lake pale. Hata kuku wa Bi Siwema wakavuka uchochoro wakaenda kutaga chini ya ukuta wa Bi Arafa.

Bi Siwema akaanza kuumwa. Kichwa hakikuuma, wala tumbo. Aliumwa mahali ambapo mganga hapajui. Akigeuza kigoda aupe ukuta mgongo, kijani kinamjia kwenye kioo. Akinywa chai, kijani kimo ndani ya kikombe. Mchicha akaacha kula kabisa.

"Shoga," akamwambia Bi Arafa siku moja, "nyumba yako imekuwa kama mgonjwa aliyetapika."

"Ndiyo, shoga," Bi Arafa akamjibu huku akifagia. "Lakini mgonjwa mwenyewe, maskini, hakosi wa kumtazama."

Neno lile lilimkaa Bi Siwema kooni kama mwiba wa kambale. Mtasema, si naye angepaka nyumba yake kijani? Angeweza. Lakini kupaka baada ya mwenzio ni kumfuata, na Bi Siwema hakuzaliwa kufuata.

Sasa sikilizeni jambo lililoharibu mambo. Binti yake Bi Siwema, Mwajabu, alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri, seremala, na wenyewe wanapendana. Ila upande wa kijana kulikuwa na shangazi, Bi Zuena, ambaye neno lake ndilo neno. Mama huyo alikuwa amekwisha kukataa nyumba tatu. Moja aliikataa kwa sababu paka wa nyumba hiyo alimtazama vibaya. Habari ikaja kwamba Ijumaa, baada ya alasiri, Bi Zuena na wenzake wangekuja kumwona Mwajabu.

Bi Siwema alikosa usingizi, lakini si kwa kumwaza Bi Zuena. Alimwaza Arafa. Wageni watafika, watausifu ukuta wa Arafa, watauliza nyumba ile nzuri ni ya nani. Siku ya mwanangu, sifa ziende kwa jirani? Haiwezekani.

Ikatokea kwamba Jumatano Bi Arafa alikwenda kumzuru dada yake shamba. Alhamisi adhuhuri, mtaa wote umejilaza kwa joto, Bi Siwema akachukua ndoo, akayeyusha chumvi ya mawe pishi nzima, akachovya ufagio, akaunyunyizia ukuta ule wa kijani kutoka pembe hadi pembe. Polepole. Akiimba.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu ya mbuzi wa Mzee Kupaza, mfugaji wa mtaa ule. Mbuzi wale walikuwa walafi wa chumvi mpaka aibu. Walishawahi kumfuata mkulima njia nzima wakimlamba jasho la mgongo.

Harufu iliwafikia malishoni. Wakaja. Kwanza mmoja, kisha kundi, kisha na wa mitaa mingine ambao hata Mzee Kupaza hakuwajua. Wakalamba alasiri ile, wakalamba magharibi, wakaamka nao Ijumaa. Chokaa ikashuka tumboni pamoja na kijani chake. Walipomaliza chini, wakasimama kwa miguu ya nyuma. Wafupi wakapanda migongo ya warefu. Ilipofika alasiri ukuta wa Bi Arafa ulikuwa udongo mtupu unaong'aa mate, fito zimetokeza kama mbavu, na juu kabisa, chini ya makuti, umebaki ukanda mwembamba wa kijani ambao hakuna ulimi ulioufikia. Mbuzi wote walikuwa na ndevu za kijani.

Bi Siwema akachungulia, akacheka peke yake. Akavaa leso mpya, akatandika mkeka mzuri barazani.

Wageni wakafika. Bi Zuena akakaa katikati, wenzake wawili pembeni. Mwajabu, ambaye hakujua lolote, akachukua ile ndoo iliyokuwa uani, akaijaza maji, akawanawisha wageni mikono kwa adabu. Vikaletwa visheti na kahawa ya tangawizi.

Hapo ndipo Bi Siwema alipoinua macho akaona alichokifanya. Siku zote alifikiria wageni watakavyoutazama ukuta ule. Hakufikiria kwamba watautazama wakiwa wamekaa juu ya mkeka wake. Kutoka barazani kwake hapakuwa na pengine pa kutazama.

Bi Zuena alikuwa ameshika kisheti bila kula.

"Bi Siwema, hiki ndicho mnachokitazama kila siku?"

"Aa, dada, hiyo nyumba ya jirani. Si yetu hiyo."

"Najua si yenu. Nauliza mnachokitazama." Akaweka kisheti. "Wiki iliyopita nilipita hapa kimyakimya. Nyumba ya mkwe huichungulia kabla ya kuitembelea. Hukuwepo. Nikakaa papa hapa kupumzisha miguu, nikatazama mbele, nikaona kijani ambacho sijapata kukiona. Moyo ukanitulia kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikarudi nikamwambia kaka yangu: binti anayeamka kila asubuhi akiona kile, hawezi kuwa mgomvi. Mchukueni. Leo nimekuja kukamilisha tu."

Hapo beberu mmoja akavuka uchochoro kwa madaha yake, ndevu za kijani zikining'inia, akapanda barazani, akaanza kulamba mikono ya Bi Zuena. Wa pili akafuata. Wa tatu akatia kichwa ndani ya ndoo.

"Toka! Shh! Toka, mwanaharamu!" Bi Siwema akapunga leso.

"Mwache," alisema Bi Zuena. Akamtazama beberu. Akajilamba kidole chake mwenyewe, taratibu. "Chumvi." Akaitazama ndoo, akautazama ukuta, akamtazama mwenye mkeka.

Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alielewa yote kwa mara moja, akaiweka sinia chini.

Na Mungu akitaka kukuaibisha hakupunguzii. Wakati huohuo akatokea Bi Arafa na kifurushi chake kichwani, anarudi shamba. Akasimama mbele ya ukuta wake. Akautazama kutoka chini hadi juu. Kisha akageuka.

"Pole, shoga," akasema.

"Unanipa pole mimi?" Sauti ya Bi Siwema ilitoka kama ya kifaranga.

"Nimpe nani? Mimi nikiwa ndani siuoni ukuta wangu. Mimi huamka nikaona boga lako, na nimeshalizoea, linanichangamsha. Ile rangi niliipaka, lakini aliyekuwa akikaa nayo kutwa ni wewe."

Alisema kwa wema au kwa kijembe? Mpaka leo Kichangani wanabishana. Mimi nasema vyote viwili.

Bi Zuena akainuka, akajifunga buibui. "Binti hana kosa," akasema, "wala kahawa yake haina kosa. Lakini jibu letu, Bi Siwema, tutalileta rangi ikikauka." Wakaenda zao, na mbuzi wakawasindikiza wakiwalamba mikono mpaka njia panda.

Mwajabu hakumlaumu mama yake kwa neno. Alikwenda ndani, akalala na uso ukutani. Hilo lilimchoma Bi Siwema kuliko matusi.

Asubuhi, jua halijapanda, Bi Arafa akasikia ukuta wake unasuguliwa. Akatoka. Akamkuta Bi Siwema juu ya kigoda, leso kiunoni, chokaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekwisha kuuosha ukuta chumvi yote, ameutomea udongo upya pale fito zilipotokeza, na sasa anapaka, anashuka, hatua mbili nyuma, anatazama, anapanda tena.

"Haya, Siwema! Unapaka nyumba yangu?"

"Nani kagusa nyumba yako?" alisema Bi Siwema bila kugeuka. "Ukuta ni wa mwenyewe, rangi ni ya jirani. Nipishe, unanikinga mwanga. Na hicho kijiko cha kijani ulitia kimejaa au kimepungua?"

"Kimepungua kidogo."

"Nilijua. Yangu imekoza. Niletee chokaa."

Bi Arafa akaleta chokaa, na kigoda chake.

Rangi ilikauka. Jibu lililetwa, na lilikuwa zuri. Siku ya harusi mbuzi wa Mzee Kupaza walifungwa mbali, na nasikia maziwa yao bado yalikuwa na ukijani kidogo, lakini hilo sitaapa.

Haya, mmesikia. Sasa acheni kununa. Inukeni mnisaidie kukigeuza hiki kiti. Siyo huko. Kigeuzeni kitazame mbele, kwa yule bwana aliyejichosha juani wiki nzima kwa ajili yetu na hajui. Hapo, hapo hasa. Na akipita, msalimieni vizuri, kwa maana ukuta ni wa mwenyewe, rangi ni ya jirani.