Mkasi wa Mazoya

Mikono iendelee kuchambua zabibu, masikio nipeni mimi. Na wewe uliyekaa karibu na beseni, ukimeza nakuona.

Alikuwepo mama mmoja wa Kigogo, Sechelela, mjane wa Mazoya, huku huku kwetu Dodoma ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na jua halina likizo. Ndahani, mwanawe wa kwanza, alikuwa na ulimi wa udongo: akionja chembe moja tu anakuambia hapa maji hukaa, hapa maji hupita. Nyemo, bintiye, alikuwa na vidole vya kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti huu juu ya shina la mti mwingine; alichokata na kufunga yeye kilishika. Wa tatu alimpata kwa ndoa. Ni Skolastika, mke wa mwanawe mdogo, Mhehe wa nyanda za baridi kule Iringa, na kipaji chake kilikuwa kungoja. Msicheke. Kungoja ni kipaji, na humu ndani sioni mwenye nacho.

Sasa, Mazoya alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye shamba la misheni. Padri mmoja akampa pingili ya mzabibu mweupe wa kwao, nchi ya theluji. Mazoya akaupanda bondeni kando ya kisima, wiki ile ile aliyomwoa Sechelela, akamwambia, "Ukizaa huu, kichala cha kwanza chako."

Haukuzaa. Ulitoa majani tele ya kufunika banda la mbuzi, lakini zabibu hata moja. Mazoya akafa bila kuonja. Sechelela akaendelea kuumwagilia kila asubuhi, hata miaka ya ukame, watu walipogombania foleni kisimani. Akipata ndoo mbili, moja ya kupikia, moja ya mzabibu. Majirani walisema amechanganyikiwa. Mimi nasema alikuwa anampenda mumewe, basi.

Siku moja akawaita wale watatu, akaweka mezani mkasi wa kupogolea alioachiwa na Mazoya.

"Wanangu, mkono wangu umeanza kutetemeka. Atakayenionjesha zabibu za baba yenu, mkasi huu wake, na mzabibu wake."

"Tukikuonjesha wote, Mama?" Nyemo akauliza.

"Baba yako alisemaje? Mzabibu mmoja, mkono mmoja. Anayepogolea huacha jicho la tawi kwa ajili ya mwakani. Akija mwingine asiyejua, analikata. Mikono miwili huua mti."

Na hilo ni kweli, muulizeni mkulima yeyote wa zabibu.

Ndahani akashuka bondeni, akachota udongo, akaonja, akatema. "Mama, huu ni udongo mweusi wa mbuga. Mzabibu wako umesimama ndani ya beseni." Akazunguka kutwa nzima akilamba ardhi, watoto nyuma yake wakimcheka, mpaka akafika kwenye mteremko wa kilima penye kichanga chekundu. Pale mvua hunyesha, maji huingia, hushuka zake. Akakata pingili za mzabibu wa baba yake, akazipanda pale. Na alifanya la maana, kwa sababu msimu ule mvua ilikuja kwa hasira, bonde likafurika, na mzabibu mkongwe ukaoza mizizi, ukafa. Sechelela akalia kama amefiwa mara ya pili. Kilichobaki cha Mazoya duniani ni zile pingili za mteremkoni.

Nazo zilikuwa zinakauka. Mizizi yake ilikuwa ya nchi ya ukungu, inatafuta maji juu juu, na jua letu mnalijua. Zote zikafa isipokuwa moja. Nyemo akaenda, akaitazama, akasema, "Huyu mgeni anataka miguu ya mwenyeji." Palikuwa na mzabibu wetu mwekundu, mgumu, wenye mizizi inayochimba chini mpaka ikute maji. Nyemo akaukata karibu na ardhi, akaupasua kidogo, akachomeka kile kijiti cha mwisho, akafunga kwa ukanda wa mpira. Kaka yake akashindwa hata kutazama.

"Kikifa hiki, Nyemo, utamwambia nini Mama?"

"Wewe omba, kaka, usinitikisie mkono."

Kikashika. Kikatoa majani. Wakasubiri zabibu. Wakapata majani. Mwaka wa pili, majani.

Ndipo Skolastika akaanza kupita mteremkoni asubuhi, anakaa, anangoja. Akamwona mama mkwe wake anapanda kilima na ndoo kichwani, anahema, anamwagilia, anaunong'oneza mti habari za nyumbani. Akamwacha amalize.

"Shikamoo, Mama. Kumbe hujaacha?"

"Marahaba. Niache vipi, mwanangu? Kwetu maji ndiyo heshima."

"Mama, kwetu Iringa tuna mapichi. Baridi ikija, miti yake inapukutisha majani yote, inabaki kama kuni. Inalala. Ikiamka inazaa. Huu mzabibu umetoka kwenye baridi kuliko kwetu. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, na wewe kila ukisinzia unaumwagia maji usoni."

Sechelela akaitazama ndoo yake. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa naunyima usingizi?"

"Ulikuwa unaupenda, Mama. Sasa tuulaze."

Akaificha ndoo. Kipupwe kizima, wakati wa upepo mkavu, mti haukupata tone. Majani yakawa manjano, yakadondoka. Ndahani akakasirika, Nyemo akanuna, Skolastika akangoja. Upepo ulipoanza kutulia, akachukua mkasi, akakata matawi yote, akabakiza visiki vifupi.

"Wahehe kwa vyuma hamjambo!" Sechelela akalia. "Umeniulia mume!"

"Na Wagogo kwa ukarimu wa maji mtaozesha dunia," mkamwana akamjibu, naye machozi yanamtoka, maana alikuwa anaogopa kuliko wote.

Ndipo akaurudishia maji kidogo. Ukaamka. Kwenye chipukizi la tatu, wanangu, kikaning'inia kichala kimoja.

Wakamletea mezani. Sechelela akachuma moja, akaitia kinywani, akafumba macho. Wakangoja.

"Ndiye Mazoya wangu," akasema. "Tamu, halafu ina ukali kidogo mwishoni. Ndiye kabisa."

Akalia, wakalia naye. Halafu Ndahani, akiwa bado anafuta pua, akanyoosha mkono kuuchukua mkasi, akakuta mkono wa dada yake, na juu yake mkono wa shemeji yake.

"Bila kichanga changu ungeoza na mama yake," Ndahani akasema.

"Bila vidole vyangu ungekauka kwenye hicho kichanga chako," akasema Nyemo.

"Shemeji, wifi," Skolastika akasema, "bila mimi mngekuwa mnakula majani mpaka leo."

Sechelela akawatazama, akawapenda wote sawasawa, na hapo ndipo penye taabu. Akautoa mkasi chini ya mikono yao, akautundika ukutani. "Nitawaambia kabla kipupwe kijacho hakijaisha."

Wapo majirani waliosema wote watatu wanakosea. Walisema mti ni wa mwenye ndoo, kwani asingeumwagilia miaka ya ukame, pasingekuwa na pingili ya kupanda, wala kijiti cha kubebesha, wala cha kulaza. Lakini mkono wa mwenye ndoo unatetemeka.

Haya. Kipupwe chenyewe ndiyo hiki kinachopiga mlango sasa hivi, na kinaishia. Majani ya mteremkoni yameshadondoka. Mti umelala, unangoja mkono mmoja, na akichelewa mtu, hautazaa mwaka huu, na Sechelela hana miaka mingi ya kungojea.

Mkasi ninao hapa mfukoni, kanituma niulize. Nimkabidhi nani?