Mkeka wa Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, mimi nikiwa bado na nywele na viroboto wakiwa bado na adabu, Bwana Nyati aliishi na Paka wake. Msinicheke, watoto. Nimelala katika nyumba za wageni za miji mingi, na kujikuna najua kwa lugha saba.

Asubuhi moja Nyati aliamka akijikuna, kwara, kwara, mpaka ukuta ukapukutika udongo.

"We Paka, umeniletea viroboto nyumbani."

"Mimi naoga kwa sabuni, bwana mkubwa. Nachana manyoya kwa kitana. Lakini nikikanyaga tu mkeka wako, wananirukia upya. Wametaga na mayai humo. Tuufue, tuuanike."

"Mkeka wa marehemu mama? Haujaguswa na maji tangu afariki, na hautaguswa. Mwenye viroboto atahama nyumba hii leo, kabla ya jua kuzama. Naapa kwa pembe zangu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Paka hakubisha, ingawa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alioga, akafunga kifurushi, akakiweka mlangoni. Kisha akatoka mbio mpaka kisimani, akarudi anahema.

"Bwana mkubwa, nimemkuta kisimani shangazi wa yule binti unayetaka kumposa, anakuja kukutazama. Vaa ile kanzu nyeupe. Tandika mkeka wa mama barazani uukalie, aone unavyoenzi wazazi."

Nyati akavaa, akaketi, akatuna kama sultani. Paka akapanda juu ya ukuta, mbali na mkeka.

"Hodi hapa." Alikuwa Shangazi Pundamilia.

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kanzu yako inatembea?"

Nyati akainama. Chupu, chupu, chupu: viroboto weusi, makumi kwa makumi, walikuwa wanaruka kutoka mkekani, wanampanda mpaka kifuani.

"Ni nakshi, shangazi."

"Mimi nimezaliwa na mistari, mwanangu. Nakshi naijua. Hizi nukta, tena zinaruka."

"Ni za huyo Paka!"

Shangazi akamwita Paka, akampakata juu ya kanga yake nyeupe, akampitisha kitana toka masikioni hadi mkiani. Hakudondoka hata mmoja.

Nyati akashika pembe zake, moja moja, kama anayeziaga.

"Jua linashuka, bwana mkubwa," Paka akasema, akimsogezea kifurushi. "Hiki si changu. Nimekufungia wewe."

Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni na brashi.

"Hama mpaka mtoni, wewe na mkeka. Ufue, ujifue na wewe, uuanike juani. Ukirudi hutakuwa tena mwenye viroboto, na kiapo kitakuwa kimetimia. Mimi nafagia nyumba, pembe kwa pembe."

"Usitaje pembe," Nyati akanong'ona.

"Na posa," Shangazi akasema, akijikung'uta kanga, "tutaizungumza mkeka ukikauka."

Basi, wajukuu wa kujikuna, hadithi imekauka nayo: ukimwogesha paka, fua na mkeka wako.