Chui na Filamu Iliyoishia Mwanzoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mlango ukafungwa!"

"Nani kaufunga?"

Ndicho ninachouliza na mimi! Wewe uliyekaa karibu na mlango, unacheka nini? Hebu sogea huku mbele nikuone. Haya.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulishafika, Mama Pimbi alikuwa na pango lake kwenye majabali. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, mkia hana. Pango lilikuwa kavu, isipokuwa tone moja moja la maji kule mwisho, na halipitishi upepo. Akaja Chui. Akachungulia. Akasema, "Pango zuri hili. Tokeni."

Basi, hakuongeza neno. Mama Pimbi akachukua watoto wake, wakaenda kulala kwenye ufa wa jiwe, upepo vuuu, vuuu. Kitinda mimba akaanza kukohoa, kho, kho. Mvua za vuli zilikuwa njiani, na Mama Pimbi alijua kabisa kwamba zikimkuta pale kwenye ufa, yule mtoto hatapona.

Sasa, Mama Pimbi alikuwa na banda la video bondeni. Yeye anaendesha mitambo, Kasuku anatafsiri. Watafsiri wa bandani mnawajua: mtu kwenye filamu akipiga chafya tu, mtafsiri anaeleza mpaka ukoo wake. Kasuku alikuwa hafungi mdomo.

Na Chui filamu za kutisha alikuwa hazikosi. Anakaa mbele, anawaziba wenzake, anacheka. Likitokea zimwi: "Kinyago hicho!" Ikitokea damu: "Nyanya hiyo! Mnaogopa nyanya?" Nani ambishie?

Mama Pimbi akamtazama. Kesho yake akamtazama tena. Akaona jambo. Zimwi likishatokea, Chui anacheka. Lakini kabla halijatokea, pale kamera inapojivuta taratiiibu kuelekea mlango ulioachwa wazi nusu, mkia wa Chui unasimama wima. Lo! Kumbe bwana mkubwa anaogopa kile ambacho hajakiona!

Mchana mmoja Chui kashiba, kalala pangoni, anakoroma khrrr, khrrr. Mama Pimbi akachukua kamera ya banda, ile wanayopigia picha za harusi, akaishika chini kabisa, karibu na ardhi. Akaingia. Akapiga picha ya mlango. Akapiga mifupa. Akapiga mgongo wa Chui, kwa karibu, kwa karibu zaidi, yeye mwenyewe moyo ndu! ndu! ndu! Sikio la Chui likacheza. Weee! Mama Pimbi akatoka mbio.

Bandani akatia sauti. Maji ya pangoni yanavyodondoka: to... to... Msumari juu ya sufuria: kwaaa... Kisha akakaa kukata na kuunga. Picha ya mlango akaiacha ndefu mpaka inakera. Ya mifupa, fupi. Ya mgongo, fupi zaidi. Na pale sikio linapocheza, akakata. Giza.

Kesho yake akamwambia Kasuku, "Kaka, leo usitafsiri."

"Nisitafsiri? Dada, unaumwa?"

"Funga mdomo. Wakikuuliza, sema bado hajasema."

Kasuku akanuna, lakini akakubali.

Alasiri banda likajaa. Filamu ikaanza. To... to...

"We Kasuku," Chui akasema, "mbona hutafsiri?"

"Bado hajasema."

"Nani hajasema?"

"Bado hajasema."

Kwaaa... Chui akaacha kutafuna. "Mbona kama hapo napajua?" Ikaja mifupa. "Ah! Mifupa yangu ya jana hiyo!" Ukaja mgongo, na madoa yake. "Huyo si ni mi..." Sikio likacheza. Giza.

"Endelea!"

"Imeishia hapo, mzee," akasema Mama Pimbi.

"Mwisho wake uko wapi?"

"Mimi sijui. Nimeikuta mlangoni asubuhi, nikadhani ni yako."

"Aliyepiga ni nani?"

"Kwani hukumwona, mzee? Mbona alikuwa karibu na wewe sana?"

Chui akainama, akapima kwa mkono kamera ilikuwa juu kiasi gani. Chini ya tumbo. Chini ya goti. "Kitu kinachotambaa," akanong'ona. Na Mama Pimbi amesimama palepale mbele yake, kimo hichohicho! Shukuruni Mungu hakuwapa wakubwa tabia ya kutazama chini.

Chui akarudi pangoni. To... to... Maji yale yalikuwa yakidondoka tangu siku ya kwanza, hakuwahi kuyasikia. Akageuka nyuma. Hamna. Akageuka tena. Hamna. Akageuka mara nyingine, na kule kutokuwepo kitu ndiko kulikomtisha zaidi. Jua halijazama, akahama kinyumenyume.

Mama Pimbi na watoto wakaingia. Vuli ikanyesha, na kikohozi cha mtoto kikapoa.

Lakini Chui naye akalowa. Akalowa, akawaza, akashuku. Mchana mmoja watoto wakasikia nyayo: pa, pa, pa. Chui huyo mlangoni, anachuruzika maji.

"We Pimbi! Umo humo?"

"Nimo, mzee."

"Na... hamna kitu humo?"

Watoto wakamkumbatia mama yao. Chui akitia mguu mmoja tu ndani, wamekwisha wote. Mama Pimbi akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Karibu, mzee. Pita tu. Ila ukishaingia, usigeuke nyuma."

Pa-pa-pa-pa-pa! Mpaka leo hajulikani aliko.

Fundisho, watoto: filamu za kutisha hazina faida yoyote, msiziangalie. Na mgeni akija mlangoni, mkaribisheni vizuri.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, kawasimulieni wengine. Ikiwa chungu, mlaumuni Kasuku, ndiye aliyenitafsiria.