Mbuzi Aliyekataa Majani ya Bondeni

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba palikuwa na mjane mchamungu, Bi Atika, aliyechunga mbuzi thelathini wa mayatima wa marehemu kaka yake. Wale mbuzi walikuwa amana shingoni mwake.

Mwaka mmoja, baada ya ukame mrefu, mvua ilinyesha. Amiri wa nchi akaamuru kwamba siku ya tatu baada ya tangazo mifugo yote ishuke bondeni, ili malisho ya mlimani yapumzike. Atakayebaki mlimani atanyang'anywa wanyama wake.

Bi Atika alishuka na wenzake. Kama ilivyo desturi ya wachungaji, alimtanguliza mbuzi jike mkongwe ayajaribu majani. Mbuzi yule akanusa majani machanga, akageuka, akapanda zake mlimani kwenye majani makavu ya zamani. Mbuzi wakongwe wa wenzake nao waligoma, lakini wenyewe wakawaswaga kwa fimbo, kwa kumhofu Amiri.

Bi Atika alisimama, moyo umemgawanyika. Kumtii kiongozi ni wajibu. Kulinda mali ya yatima ni wajibu. Ashike lipi? Aliswali rakaa mbili, akainuka vilevile, hajui. Mwishowe akamfuata mbuzi.

Kesho yake askari mmoja, Mundhir, akamkuta huko juu.

"Bi mkubwa, kumbe amri ya Amiri hutenguliwa na mbuzi?"

"Amekataa kula, mwanangu."

"Basi sema hukusikia tangazo. Mimi nitasema masikio yako mazito, yaishe."

Uongo mdogo tu, na mbuzi wa mayatima wangesalimika. Bi Atika akatazama chini.

"Nilisikia," akasema.

Akafikishwa kwa Amiri pamoja na mbuzi wote. Wakati huohuo ikaja habari kwamba bondeni mifugo imevimba matumbo, inakufa. Amiri akamgeukia Bi Atika.

"Ulijua?"

"Nilijua, ewe Amiri. Majani yanayoota baada ya ukame huwa na sumu mpaka yakomae."

"Na wenzako?"

"Wanajua wote."

"Mbona hakuja hata mmoja kuniambia?"

"Tulidhani Amiri anajua."

"Nami sikuuliza," akasema Amiri kwa sauti ya chini. Akaamuru arudishiwe mbuzi wake.

Bi Atika alirudi mlimani akilia, hajui kama amesifiwa au amelaumiwa. Ukweli alioujua uliwaokoa mbuzi thelathini. Lakini wale waliokufa bondeni, ukweli huohuo ulikuwa wapi siku ya tangazo? Tujiulize nasi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.