Jeneza la Mama Penye Njia Panda

Kaeni vizuri, na wewe mwenye karanga tafuna polepole, maana hadithi hii haitaki kelele. Sitawauliza kama mko tayari. Tukifika mwisho mtatamani nisingeanza.

Walikuwako ndugu watatu kwenye milima ya Upare, watoto wa Bi Nasemba. Kajiru, kifungua mimba, alikuwa na mkono wa shamba: akichomeka kijiti, kinachipua. Nakiete, wa kati, alikuwa na sikio la mashine. Cherehani ya jirani ikikwama, yeye husikiliza tu na kujua inaumwa wapi. Mgonja, kitinda mimba, alijaliwa watu. Huyo akipita na jembe begani, wenzake wanamfuata bila kuitwa.

Baba yao alipofariki, shamba likagawanywa mafungu matatu. Jamani, kipande chenyewe ukilala chali, miguu iko kwa jirani. Enzi hizo mlima ulijaa watu pomoni.

Kajiru akasema, "Mgonja, chukua changu. Mimi nateremka bondeni, wamechimba mifereji ya mpunga." Akaenda. Kila msimu gunia la mchele lilipanda mlimani kwa punda, na mama hakulala njaa.

Nakiete akasema, "Chukua na changu, mdogo wangu." Akaenda mjini penye reli, kwenye kiwanda cha magunia. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, dawa zote zilitoka kwenye mshahara wa Nakiete, na mama akaendelea kuishi.

Mgonja akabaki. Alimpikia mama, alimwogesha, na siku za kliniki alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kwenye mteremko ule wa kukatika magoti. Bila yeye, mchele ungepikwa na nani, na mama angefikaje kwa daktari?

Lakini si hao tu walioteremka. Kila nyumba ilifanya vivyo hivyo. Mpunga ulitaka vibarua, kiwanda kilitaka vijana, na waliokwenda wakaita wenzao. Soko la Alhamisi nalo likahamia bondeni kuwafuata watu. Shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Zamani ardhi haikuwatosha watu, sasa watu hawakuitosha ardhi, na Mgonja aliyependa watu akawa anaongea na mbuzi. Inauma, acheni tu.

Bi Nasemba alifia mjini kwa Nakiete, alikopelekwa kutibiwa alipozidiwa. Watoto wote walikuwa kando ya kitanda. Kabla hajakata roho aliwaambia, "Nizikeni pale mtakapokuja nyote kunisalimia." Mahali hakupataja.

Kesho yake pikapu yenye jeneza ikafika njia panda, na ndugu bado hawajakubaliana. Kushoto bondeni, kulia mlimani, nyuma mjini walikotoka. Dereva akauliza anakunja wapi.

"Kwangu," alisema Kajiru. "Majirani ni wengi, kaburi litakuwa tayari kabla jua halijazama."

"Lakini lile ni shamba la kukodi, kaka," alisema Nakiete. "Mwenyewe akilitaka atalima juu ya mama. Bora turudi mjini. Wenzangu wa kiwandani watakuja wote, na makaburi yamezungushiwa ukuta."

"Na kiwanda kikifungwa?" aliuliza Kajiru. "Utahama, dada. Utamwachia nani?"

Tetesi hizo Nakiete alikuwa amezisikia.

"Baba yuko juu," alisema Mgonja. "Twende tukamlaze mama kando yake."

"Nani atachimba?" Kajiru alimuuliza kwa upole. "Nani atabeba? Wamebaki vikongwe. Na nikwambie ukweli, mdogo wangu, tangu tumzike baba mimi sijapanda kule."

"Wala mimi," alisema Nakiete, na machozi yakamtoka.

Mgonja akaweka kiganja juu ya jeneza. "Najua. Nilikuwa nawasubiri kila sikukuu. Lakini mama akizikwa huku chini, mimi nirudi kule kwa nani? Nitateremka kama nyie, na kwetu kutakuwa kumekwisha. Mkikubali kumpandisha, sawa, tutachimba sisi watatu. Halafu mtashuka. Siku yangu mimi ikifika, atanichimbia nani?"

Dereva akazima injini, akashuka, akakaa kando ya barabara na kofia yake mkononi.

Haya. Mmoja alimlisha mama, mmoja alimtibu, mmoja alimbeba. Wawili waliondoka ili ndugu yao apate pa kulima, na yeye akabaki ili wao wapate kuondoka. Mama anataka wamjie wote watatu, na jua ndilo hilo linateremka.

Naona hata wewe mwenye karanga umeacha kutafuna. Basi inuka, umwendee dereva pale alipokaa. Utamwambia akunje wapi?