Ngwali Asiyepiga Hodi

"Umeingia tena kwa Bi Time bila hodi, na mwenzio anajifungua!"

"Kwani yeye nani hata nimwombe ruhusa? Niache, Mize."

Hao, wenzangu, ni Mize na kaka yake Ngwali. Ngwali aliingia nyumba za watu kama upepo, akafunua vyungu, akaonja, akacheka. Watu walinung'unika, kisha wakamsamehe.

"Hapa kwetu hicho ni kiburi tu, tunakuvumilia," Mize akasema. "Lakini pangoni usithubutu. Kule utakuwa unajipima na usiyemweza."

Pangoni ndimo lilimokaa zimwi la maji, mwenye chemchemi. Wanawake waliokwenda kuteka walisema hodi, hodi, hodi, wakangoja mpaka maji yenyewe yajibu, "Karibuni."

Ngwali akaenda. Hakusema hodi. Akaingia katikati ya chemchemi na viatu vyake, akapaza sauti: "Kuanzia leo, wewe ndiwe utakayenipigia hodi mimi!"

Ngwali akarudi akipiga mluzi.

Jua lilipotua, maji yakatoka pangoni, yakapanda kilima hadi kijijini. Yakafika kwa Bi Time, yakapita pembeni, na kitoto hakikuamka. Yakafika kwa Mize, yakapita. Yakashika njia ya kwa Ngwali.

"Kaka, toka uombe radhi!" Mize akalia dirishani.

"Nimwombe nani?" Ngwali akajibu, lakini mlango akautia komeo.

Maji yakasimama mbele ya nyumba yake, marefu kuliko mnazi, yametulia kwa adabu. Kisha yakasema mlangoni:

"Hodi, Ngwali. Hodi. Hodi."